Tumbo la Baba Mkwe Lilipogoma

Nimerudi mzima, na baba mkwe karudi mzima. Hilo ndilo la kwanza, na mwenye sufuria jikoni anaweza kuishia hapo. Lakini nawajua wenzangu wa darasa la jioni. Mkiambiwa "wazima" ndiyo kwanza mnatandika mkeka. Tangu tufike, kila anayeingia hapa na kibakuli cha mihogo anataka nianze mwanzo, na nikifika katikati anaingia mwingine, naanza tena. Madaktari wamemfungua baba mkwe tumbo mara moja. Mimi nimeshamfungua mara kumi na nne.

Basi mwanzo ndio huu. Barua za rufaa, madirisha na mihuri nayaruka, hakuna kati yenu asiyejua muhuri.

Kutoka kwetu mpaka zahanati

Mwalimu Swalehe, baba wa mume wangu, mnamjua. Umri wake sabini na kitu, na hicho kitu hakijui mwenyewe. Amesomesha Qurani nusu ya kijiji, na nusu iliyobaki amewachapa kwa kutokuja. Hata mimi nimesoma kwake, nikiwa tayari na watoto wawili, nimekaa nyuma ya pazia na kina mama wengine.

Sasa mwalimu huyo alikaa siku tatu hajaenda haja kubwa. Tumbo limewambwa kama ngoma, na kila chakula nikimpelekea kinarudi kama kilivyokwenda. Nikituma mtu amuulize, jibu linakuja: "Ni gesi tu." Haya, Mtwara kila kitu ni gesi. Ila ile nyingine walau imewekewa bomba mpaka Dar es Salaam. Hii ya baba mkwe haikuwa na pa kutokea.

Ulikuwa msimu wa korosho, wenye nguvu wote wako mashambani wanaokota. Mume wangu yuko kambi ya barabara, upande wa Songea. Wifi yangu Zuhura, binti pekee wa mzee, ameolewa mjini, Chuno. Nikabaki mimi. Siku ya nne asubuhi alipotapika maji ya kijani, nikasema Bismillahi, nikaita pikipiki.

Jirani yetu Baba Rukia akaja na yake.

"Mwalimu akae katikati," akasema. "Shemeji apande nyuma, amshike asidondoke."

Hapo safari ikakwama kabla ya kuanza.

"Nani amshike nani?" akauliza baba mkwe, tumbo mkononi.

Dini haina neno hapo, baba mkwe ni maharimu wangu. Lakini mila zetu mnazijua. Mimi nimeolewa nyumba ile miaka ishirini na kidogo, na ukiniuliza sura ya baba mkwe ikoje nitakueleza vizuri zaidi visigino vyake. Simshiki mkono, sikai mkeka wake, maji namwekea mlangoni nakohoa napita.

"Mwalimu, ukidondoka je?" Baba Rukia akasema.

"Nitadondoka na heshima yangu."

Wakasimama wanajadiliana, robo saa nzima, mgonjwa anatokwa jasho. Mwisho mke wa Baba Rukia akachoka, akaingia ndani, akatoka na mto wa sufi. Mto ukawekwa kati ya mgongo wake na mimi. Mimi nikaushika mto, mto ukamshika yeye. Tukaenda hivyo kwenye mchanga, watu watatu na mto, na kila tulipopita watu wanasalimia, "Shikamoo Mwalimu," naye anaitikia "Marahaba" kana kwamba anakwenda harusini.

Huko zahanati tabibu akamminya tumbo mara moja tu. Akanitazama.

"Huyu si wa hapa, mama. Mjini. Leo, si kesho."

Zahanati mpaka mjini

Gari lililopatikana ni pikapu iliyokuwa inatoka Kilambo, kwenye kivuko. Baba mkwe akawekwa mbele na chupa yake ya maji ya mshipa imening'inizwa kwenye kioo, pale madereva wanapotundikaga tasbihi au rozari. Mimi kiti cha nyuma, pamoja na mama mmoja mwenye tenga la kamba wakavu wa huko mlangoni mwa Ruvuma.

Mama yule hajamaliza hata salamu akauliza, "Tumbo?" Nikasema tumbo. Akafungua mkoba, akatoa chupa.

"Mafuta ya nyonyo. Nusu glasi. Akifika Mtwara atawaambia madaktari karibuni chai."

Baba mkwe akanyoosha mkono, hata hakugeuka. Nikaichukua chupa katikati ya safari yake. Kwenye mkutano wa kliniki niliwahi kusikia kwamba tumbo lililofunga halipewi dawa ya kuharisha. Sikukumbuka sababu, nilikumbuka katazo tu. Lakini kina mama, mambo mangapi tunayashika hivyo hivyo na yanatufaa?

"Unamnyima mzee dawa?" mama wa kamba akauliza.

"Namhifadhia."

Akanuna mpaka Naliendele. Na Naliendele tairi likapasuka. Dereva akasema dakika tano, akavuka barabara, akakaa mahali pa mama ntilie, akaagiza ugali na samaki. Nikamfuata.

"Kaka, una mgonjwa ndani."

"Ndiyo maana nakula, dada. Mgonjwa anataka dereva mwenye nguvu."

Ikawa saa nzima na ushei. Kila aliyepita na ndoo ya mabibo alichungulia dirishani akaacha ushauri: papai bichi, mlonge, kahawa chungu, majivu. Mmoja alisema wapige ngoma. Kumbe nchi hii haina uhaba wa madaktari, kinachokosekana ni dereva asiyependa samaki.

Hospitali, siku za kunyanyuliwa

Daktari tuliyemkuta ni kijana wa bara, mpole, ila ana ugonjwa wa kuwapigia wazee kelele. "MZEE WANGU! TUMBO LINAUMA WAPI?" Baba mkwe anasikia mpaka panya akitembea juu ya makuti. Akajibu taratibu, "Hapo ulipoweka mkono, mwanangu, na masikioni."

Wakapiga picha. Utumbo mkubwa umejisokota, daktari akatuambia, kama mpira wa kumwagilia bustani unavyojikunja maji yakashindwa kupita. Wakampunguzia upepo kwa mpira. Mpira huo ulipita njia gani sitaandika, nilitolewa nje ya pazia na nilikwenda mbali kuliko nilivyotakiwa.

"Umekaa sawa kwa sasa, lakini utarudia tu," daktari akasema. "Kile kipande inabidi tukikate, tuunge. Kijana ningemlaza siku hiyo hiyo. Mzee lazima kwanza tumnyanyue. Tuangalie moyo, damu, kifua. Na kuna dawa ya kienyeji amekunywa?"

"Hapana," akasema baba mkwe.

"Mwarobaini, siku tatu," nikasema nikiangalia sakafu. "Na maji ya mizizi, sijui mizizi gani."

Ile "hm" aliyoitoa baba mkwe naisikia mpaka leo.

Kwenye kunyanyuliwa huko wakampa glovu ya mpira aipulize kama puto, mara kumi kila saa, ati kifua kisije kikajaa makohozi baada ya kulazwa chali. Aliikataa. Mwalimu mzima apulize puto? Ila kitanda cha jirani kulikuwa na Mzee Komba, Mngoni, mstaafu wa bandarini, kaja na ngiri yake. Na baba mkwe, kama mnavyojua, ni Myao wa kuhamia. Hao ni watani toka vita vya mababu.

"Muacheni," Mzee Komba akasema. "Myao pumzi aliziacha kule tulikomfukuzia."

Baba mkwe akachukua glovu. Akaipuliza mpaka vidole vitano vikasimama.

"Hii ndiyo pumzi ya mtu asiyekunywa pombe ya komoni," akasema.

Toka hapo wodi haikulala mchana. Wazee wawili wanashindana kupuliza glovu, na sista anapita anaandika kwenye faili, kafurahi kweli kwamba mafunzo yake yameingia.

Kisha ikawa zamu ya kutokula. Sista akaja jioni: "Babu, kesho ni upasuaji. Usiku hakuna kula, alfajiri hakuna kunywa hata maji. Unafunga." Yeye akatia nia. Alfajiri ndugu zangu akaamka anadai daku.

"Babu, nimesema usile!"

"Na mimi nimesema nafunga. Funga gani haina daku? Kuchelewesha daku ni sunna."

Sista Mkristo wa watu akanitazama. Nikamwambia Baba, hii si saumu, ni tumbo tu linatakiwa liwe tupu, usije ukatapika ukiwa usingizini yakaingia kwenye mapafu. Akafikiri. Akasema, "Basi nitie nia ya sunna, isipotee bure." Akaenda chumba cha upasuaji kafunga kweli, na karatasi ya kukubali akaiweka saini kwa herufi za Kiarabu, nzuri kama nakshi. Karani akasema huo ni mchoro. Aliambiwa maneno ambayo karani mpaka leo nadhani anayafikiria.

Baada ya kisu

Alitoka kabla ya adhuhuri. Saa tisa akafungua macho, akamtazama sista aliyekuwa anampima presha, akasema kwa sauti ya darasani:

"Soma."

"Babu, umeamka?"

"Alif fataha?"

Sista akaangalia kipimo chake. Baba mkwe akatafuta kiboko pembeni ya shuka. Akawageukia wote, mpaka msafishaji mwenye ndoo, kila mmoja akaulizwa. Msafishaji, Mungu ambariki, akabahatisha akasema "A." "Vizuri, kaa chini." Nililia. Nikadhani akili imebaki kule walikokata. Daktari akaniambia wazee wengi nusu kaputi huwavuruga siku moja mbili, mkalishe na mtu anayemjua, muambie saa na mahali, mpe miwani yake. Nikakaa. "Baba, ni mchana. Tuko Mtwara. Umepasuliwa." Kila baada ya muda. Mpaka akanijibu, "Nimesikia, mara saba. Magharibi bado? Nifuturu."

"Ulishafuturu toka asubuhi, mtani," Mzee Komba akamwambia. "Chupa tatu za maji zimeingia kwa mkono."

Akaitazama ile dripu kwa hasira mpaka ikaisha.

Sasa kazi iliyobaki ilikuwa moja, na daktari aliieleza kama mtu anayeeleza jambo dogo. Utumbo ulioungwa huwa unalala. Ukiamka, utatoa upepo. Mpaka autoe, hakuna kula, hakuna kunywa, mpira wa puani haung'oki. Asubuhi na jioni watamuuliza tu: umetoa upepo?

Nikajua tumekwisha.

Maana mwalimu huyu, hata kupiga chafya anatoka nje. Daktari akija, "MZEE WANGU! UMETOA UPEPO?" na wodi nzima inageuka, mimi mkwewe nimesimama pale na beseni, yeye anaangalia ukuta na kujibu, "Tunamshukuru Mungu." Uongo hawezi kusema. Ukweli hawezi pia. Sista anaandika: bado.

Nikampigia mume wangu. "Muulize baba yako."

"Mimi? Nimuulize baba kama amej... Wewe uko naye hapo, muulize."

"Mimi ni mkwe."

"Na mimi ni mtoto wake!"

Nikamwambia wifi Zuhura. Wifi akajifunika kanga uso mzima, akasema yeye kazi yake ni kuleta chakula. Na alileta, hapo hakutania. Kila mchana anaingia na chupa ya chai, ndani supu ya pweza. "Baba yangu hatakufa kwa ugonjwa, atakufa kwa njaa. Vijiko viwili tu, sista akigeuka." Mshono wa utumbo una siku mbili! Nikaona kugombana naye mbele ya mgonjwa si adabu, na kumwaga riziki ni dhambi. Basi kila akigeuka, nainywa mimi. Anarudi, chupa tupu. "Umeona? Rangi inamrudia." Rangi ilimrudia mtu, ila siyo yeye. Siku tatu nilikunywa supu ya kumponya mgonjwa, nikapona mimi ambaye sikuumwa.

Mzee Komba ndiye aliyejaribu. "Mtani, hebu sema, bomba limefunguka?"

"Mngoni anataka habari za tumbo langu akazitungie wimbo wa kilabuni."

Akaishia hapo. Hata utani, ambao kwa kawaida unavunja kila mlango, huu uliushinda.

Siku ya nne

Siku ya tatu alitapika tena kidogo, na tumbo likawa limejaa. Siku ya nne asubuhi daktari hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alinivuta kando.

"Mama, nina wasiwasi na pale tulipounga. Hajatoa upepo mpaka leo. Jioni nitamwona tena. Kama bado, kesho asubuhi namrudisha ndani nifungue niangalie."

"Atastahimili, daktari?"

"Kwa umri wake? Mara ya kwanza alikuwa na akiba. Sasa hivi akiba ni ndogo."

Nikaenda nyuma ya jengo nikasali rakaa mbili. Nilimwomba Mungu amtoe mzee upepo. Sijawahi kuomba dua ya namna hiyo na sijui kama adabu yake ipo kitabuni, lakini niliomba kwa machozi.

Alasiri ikaingia. Kwa vile ana jeraha na mipira, alikuwa anatayamamu, anatawadha kwa mchanga badala ya maji. Ule wa kwanza sista alitaka kuutupa, ati uchafu karibu na mshono, tukakubaliana: mchanga mkavu, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na kidonda. Mpira wa mkojo walishautoa siku ya pili. Kazi yangu kulishika kopo kwa mikono miwili nimenyoosha, macho pembeni.

Akapiga viganja, akapaka uso, akapaka mikono. Akaanza kusali amelala. Allahu akbar.

Hajafika rukuu, akakatisha. Akakohoa.

"Kopo."

Nikaleta kopo. Akatayamamu upya. Allahu akbar. Safari hii alifika mbali kidogo, akakatisha tena.

"Kopo."

Mara ya tatu nilipolileta, ndipo nikaelewa. Jamani, mtu hatayamamu mara tatu kwa Alasiri moja kwa sababu anapenda mchanga. Hakulala, nilikuwa pale. Haja ndogo hakwenda. Kilichovunja ni kimoja, na ndicho hospitali nzima inakitafuta siku nne. Utumbo wa baba mkwe umeamka, na anayejua ni yeye, mimi na Mola wetu.

Alimaliza swala salama. Daktari akaingia na sista, faili wazi.

"Mzee wangu, umetoa upepo?"

"Tunamshukuru Mungu."

Sista akashusha kalamu kuandika. Nilikuwa na njia mbili. Nimseme mkwe wangu mbele ya watu ishirini, au ninyamaze akafunguliwe tena. Na nikisema tu, atakataa kwa ukimya, daktari amwamini nani? Siku chache nyuma alikuwa anasomesha msafishaji. Lazima litoke kinywani mwake mwenyewe. Na nikakumbuka kitu kimoja mwalimu huyu hakiwezi, wala mgonjwa wala mzima: kuvumilia jibu la makosa.

"Daktari, subiri kidogo," nikasema. "Nina swali la madrasa."

"Mama, sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mwalimu, naomba unisikilize somo langu. Vinavyovunja udhu ni vinne. Cha kwanza ni kitu kutoka katika njia mbili, mkojo au choo. Upepo hauvunji."

Mungu anisamehe, nilikosea makusudi, na nilikosea kwa sauti.

Baba mkwe akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Nani kasema?"

"Ndivyo nilivyoshika, Baba. Upepo hauna kitu, ni hewa tu."

"Astaghfirullah! Upepo unavunja! Mdogo unavunja, mkubwa unavunja, usiosikika unavunja! Nani kakusomesha wewe?"

"Kwa hiyo mtu katayamamu, yuko ndani ya swala, ukamtoka?"

"Swala hana! Atayamamu aanze upya."

"Ukimtoka tena?"

"Aanze tena! Hata mara kumi!"

"Na mara tatu?"

Akafungua mdomo. Akaliona kopo mikononi mwangu. Daktari ananitazama, anatazama kopo, anamtazama mzee.

"Sijaelewa," daktari akasema.

"Katayamamu mara tatu kwa Alasiri moja, daktari," nikasema, na sasa machozi yananitoka. "Hesabu mwenyewe."

Daktari akamgeukia, polepole, bila kelele. "Mzee wangu. Ni kweli?"

Baba mkwe akageukia ukuta. "Umeshasikia hukumu ya fikihi," akasema. "Mimi siwezi kuipinga."

"Tumsifu Yesu Kristo!" Mzee Komba akapiga kofi kitandani. "Myao bomba limefunguka!" Wodi nzima wakaitikia, Wakristo kwa lao, Waislamu kwa takbira, na mwenye mguu wa plasta akaomba aelezwe limetokea nini. Daktari akaweka kipimo tumboni, akasikiliza muda mrefu sana. Nilikuwa nahesabu nyuzi za shuka.

"Linanguruma," akasema. "Linanguruma vizuri." Akamchukulia sista kalamu, akafuta lile "bado" mwenyewe.

Kesho yake hakurudishwa ndani. Mpira wa puani ukatolewa, akapewa maji, vijiko viwili. Baadaye uji mwepesi. Siku ya sita akatembea mpaka dirishani na kurudi, Mzee Komba anamhesabia hatua kwa matusi.

Kurudi

Mjini mpaka hapa tulikuja siku moja, polepole, na dereva mwingine, huyu hakula kitu njiani, nilimchunguza kabla. Masharti tuliyopewa mkiyasikia msinirekebishe: ale kidogo kidogo mara nyingi, atembee kila siku, asinyanyue hata ndoo, kidonda kisiloe, akipata homa au tumbo likijaa turudi siku hiyo hiyo. Mafuta ya nyonyo na mizizi hapana. Nimeshawarudisha watu watatu mlangoni na chupa zao, na mmoja wao ni ndugu yangu wa damu.

Ila kulikuwa na kitu kimenikaba rohoni. Nimemwaibisha mkwe wangu mbele ya wodi, mbele ya Mngoni. Mkwe akikufungia kinyongo, dua zako zinatembea kwa magongo. Toka siku ile hakuwa amenisemesha zaidi ya "weka hapo". Juzi nikaoga, nikavaa, nikampelekea uji wake, na badala ya kukohoa nipite, nikakaa kizingitini nimeinamisha kichwa.

"Baba, naomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya wodini. Lile jibu nilikosea makusudi. Nilijua unavunja."

"Najua ulijua. Nimekusomesha mwenyewe."

Akavuta bakuli. Akakoroga.

"Ulipoanza tu, nilijua unanitega. Nikajiambia, Swalehe, nyamaza, huu ni mtego. Lakini jibu lile, mwanangu, lilinibana kuliko upepo." Akanywa kijiko, akasubiri kidogo kama alivyoagizwa. "Radhi unayo, ya dunia na ya akhera. Ungenyamaza, leo mngekuwa mnanisomea hitima, na pilau lingekuwa la Zuhura."

Sikujua nilie au nicheke. Nikafanya vyote kwenye kanga.

"Ila usimsimulie mtu," akasema.

"Baba, wanakuja kila siku kuuliza."

Akala kijiko cha pili. Cha tatu.

"Basi usiseme. Si umesoma masomo ya jioni? Andika. Kilichoandikwa hakina sauti."

Nimeandika. Someni kimoyomoyo, mpokezane karatasi, na mkikutana naye njiani mpeni shikamoo mpite.